Maliza Riwaya Ndipo Uuze Sura ya Kwanza

Vijana wanaoandika riwaya za upelelezi huniuliza mengi kuhusu jalada, bei na namna ya kupata wasomaji. Wachache mno huniuliza swali ambalo kwangu ndilo uhai wa kazi hii: je, nianze kuuza sura ya kwanza wakati ya mwisho sijaiandika? Nasema usifanye hivyo, na nitaeleza kwa nini, maana sisi tunaojichapishia kishawishi chake tunakijua.

Soko letu kubwa kwa sasa liko kwenye simu. Mwandishi anafungua kundi la WhatsApp, anatoa sehemu chache za bure, msomaji akishanogewa anatuma hela kwa M-Pesa na kuingizwa kwenye kundi la waliolipia. Kila jioni sehemu mpya, na kila sehemu inakatikia penye moto: itaendelea. Nalipenda soko hili. Limewapa riziki waandishi ambao wachapishaji wenye kutegemea vitabu vya shule wasingewafungulia mlango. Hadithi ya mapenzi inaweza kuandikwa asubuhi ikasomwa jioni na isiharibike. Fumbo la mauaji haliwezi, kwa sababu sura ya pili inaidai sura ya thelathini, na ukishairusha huna namna ya kuirudisha.

Nichukue mfano kwenye mswada wangu mmoja. Mwenye nyumba kauawa Temeke. Mpangaji wake anaapa kwamba nyumba ilikuwa tupu tangu Ijumaa. Mpelelezi wangu anamnasa kwa kikaratasi cha LUKU, yaani risiti ya umeme wa kulipia kabla, kilichotolewa Jumamosi jioni. Umeme unaweza kuununua hata ukiwa Mbeya, lakini zile tarakimu 20 za kwenye risiti lazima mtu aziingize kwenye mita ya nyumba ile ile, na taa zilikutwa zinawaka. Basi kulikuwa na mtu ndani. Kikaratasi hicho kilinijia nikiwa naandika sura za mwisho. Nikarudi sura ya nne, nikakilaza mezani kati ya kiberiti na bahasha ya vidonge vya presha, na katika sentensi inayofuata mtu akagonga mlango kwa fujo. Msomaji alikiona. Akakipita, kwa sababu alitaka kujua nani anagonga.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kidokezo kiwe wazi, kikae katikati ya vitu vya kawaida, kisha tukio limvute msomaji kabla hajakitafakari. Unaweza kuifanya tu kama mswada wote bado uko mikononi mwako. Aliyekwisha kuuza sura ya nne hana pa kukiweka kile kikaratasi. Atalazimika kuleta shahidi mpya dakika ya mwisho, au barua iliyofichwa ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na msomaji aliyelipa atajua kwamba ameibiwa.

Kuna hatari nyingine. Kundi la watu wenye akili likisoma pamoja, atatokea mmoja mapema tu aseme muuaji ni shemeji. Na kweli ni shemeji. Mwandishi ambaye hajamaliza hutetemeka, usiku ule ule akambadilisha muuaji, na vidokezo vyote alivyovipanda vikabaki yatima. Tafadhali usimbadilishe. Msomaji aliyekisia sawasawa amekuthibitishia kwamba umecheza naye haki, na atabaki kundini hadi mwisho ili aone kama yuko sahihi.

Ujue pia unaandika riwaya ya aina gani. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, anavuta kiko chake, anauliza, anapanga hoja. Msomaji anaalikwa kufikiri naye. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi, anakimbizana na maadui wa Afrika, na msomaji anataka kujua kama atatoka salama. Zote mbili ni hazina yetu, ila ahadi zake si moja. Ukimwahidi mtu fumbo ukamlipa kwa risasi, umemdhulumu.

Sheria nayo isikupite. Nasoma miswada mingi ambamo mtuhumiwa wa mauaji anapewa dhamana na hakimu wa wilaya, wiki inayofuata anahukumiwa pale pale. Tanzania kosa la mauaji halina dhamana, na kesi yake husikilizwa Mahakama Kuu. Mtafute askari mstaafu au karani wa mahakama, umnunulie chai, umsikilize. Atakupa mambo ambayo hungeyabuni mwenyewe.

Utaniuliza utakula nini miezi yote hiyo. Kwa kazi nyingine, sina jibu lililo tamu zaidi. Mimi naandika alfajiri kabla sijaenda kazini. Ila mswada ukishakamilika, rudi kwenye WhatsApp na ukate vipande kwa raha zako. Umeme ukikatika, malaria ikikulaza, sehemu ya jioni ipo tayari na wateja hawakudai. Baadaye ukitaka kitabu cha karatasi, omba ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na umuulize mpiga chapa kuhusu kurasa kabla hujapanga chochote: mara nyingi karatasi kubwa moja hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kurasa 3 zilizozidi zinaweza kukugharimu karatasi nzima.

Kabla ya yote hayo, toa nakala mbili za mswada. Mpe moja mtu anayesoma sana upelelezi, nyingine mtu asiyeusoma kabisa. Waombe waandike kwa penseli pembeni mwa ukurasa jina la kila wanayemshuku, pale pale shaka inapowaingia, na wasifute hata wakibadili mawazo. Nakala zikirudi, tafuta ukurasa ambapo jina la muuaji limeandikwa kwa mara ya kwanza. Likiwa halimo kwenye nakala yoyote, umewaficha mno. Rudi sura za mwanzo ukaongeze kidokezo. Likiwa kwenye zote mbili kabla hata maiti haijazikwa, mpunguzie huyo bwana maneno.