Kabla hujapanda basi: maswali yenu ya matembezi

Nimechagua saba. Mengi ya yaliyobaki yanauliza bei ya hoteli Zanzibar, na mimi sina hoteli.

Naomba unitajie pazuri pa kwenda na familia Desemba. Nijibu haraka. (Msomaji, Tegeta)

Haraka: Bagamoyo. Hukusema mko wangapi, mna siku ngapi wala mfuko una kitu gani, kwa hiyo nimekutajia mji ulio karibu nawe. Anzeni Kaole, watoto waone magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake, kisha mrudi mjini mle samaki, na jioni mtakuwa nyumbani. Hili la "pazuri" ni swali la nne mwezi huu. La tano sitalijibu.

Mume wangu anataka twende Kilwa Kisiwani. Jirani aliyewahi kufika anasema ni kuta tu zilizobomoka. Si tutakuwa tumetupa hela? (Mama wa wawili, Kigamboni)

Dada yangu, jirani yako hakukudanganya, ni kuta. Ila nina shaka alizunguka bila kumsikiliza mwongozaji, akapiga picha nne, akarudi kwenye boti kulalamikia jua. Nimewaona wengi wa namna hiyo pale gatini Kilwa Masoko.

Hizo kuta ni za matumbawe na chokaa, zilizoezekwa kwa boriti za mikoko. Mji huo ulikuwa unapitisha dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, na masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Mwaka 1944 mtu aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, huko kaskazini mwa Australia. Zilifikaje, wataalamu bado wanabishana. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji huo kwa uzuri wa majengo yake. Ukisimama Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali linalotazama bahari, utaliona hodhi lenye pembe nane. Mwambie mumeo akae ukingoni dakika kumi bila kugusa simu.

Halafu ingieni Msikiti Mkuu, mtazame juu kwenye yale makuba. Mkimaliza, Gereza: ngome ya ufukweni ambayo chanzo chake ni Wareno waliofika mwaka 1505, na Waarabu wa Omani wakaja kuijenga upya baadaye. Neno lenyewe "gereza" tumelitoa kwenye Kireno, na kwao maana yake ni kanisa. Mwulizeni mwongozaji kanisa liligeukaje kifungo. Asipojua, mtakuwa mmemfundisha.

Sasa maonyo ambayo hukuyaomba. Chini pale utaona vipande vya vyungu na vya sahani za Kichina, vingine vya kijani kizuri sana. Usiweke hata kimoja mkobani. Kila anayekuja anasema "hiki kimoja tu", na kisiwa kimepekuliwa kwa hizo moja-moja. Eneo hilo pamoja na kisiwa jirani cha Songo Mnara limo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 lilikuwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Mawimbi yana lawama yao katika hilo, na sisi tuna yetu.

La pili, kisiwani wanaishi watu. Chukua kanga, mumeo avae suruali ndefu, na msiwapige picha kina mama wanaochota maji kana kwamba nao ni magofu. La tatu, vibali vinakatwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Na msiende wakati wa masika: Mei 2024 barabara ya kusini ilikatika Somanga, na abiria walikwama.

Ni kweli mapango ya Amboni yanatokea Mombasa? (Kijana wa Tanga)

Hapana. Na hayatokei Kilimanjaro pia. Lakini mwongozaji akikusimulia, msikilize mpaka mwisho, anasimulia vizuri.

Tulipofika Kolo, Kondoa, kijana mmoja kwenye kundi letu alimwagia mchoro wa mwambani maji ya chupa ili utokee vizuri kwenye picha. Mwongozaji akamfokea mbele ya watu mpaka safari ikaharibika. Si maji tu? (Msomaji, Singida)

Angefokewa na mimi, angerudi Singida kwa miguu.

Si maji tu. Ile rangi nyekundu ni mawe yaliyosagwa, ikapakwa mwambani na wawindaji walioishi hapo miaka maelfu kabla ya babu zetu kufika na majembe. Imevumilia kwa sababu imejificha chini ya miamba inayoikinga mvua. Wewe unaileta mvua kwenye chupa. Maji yanapokauka huacha chumvi za jiwe juu ya rangi, utando mweupe unaotanda na hauondoki kwa kufuta. Picha ya kijana wenu imetoka vizuri, sawa. Wa baada yake wataona ukungu.

Kondoa ina zaidi ya mapango na miamba 150 yenye michoro, na iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko miaka ya 1950 akiinakili michoro kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, na baadhi ya alivyovinakili leo havionekani tena kama alivyoviona. Jua na mchwa wamefanya kazi yao. Waliobaki ni wenye misumari na mkaa, wanaotaka dunia ijue kwamba walipita hapo na wanampenda fulani.

Tunapenda kuwasema wakoloni walivyobeba vitu vyetu, na tunasema kweli. Lakini mwamba wa Kolo hakuna aliyeubeba. Upo palepale, na anayeumaliza ana kitambulisho cha NIDA mfukoni.

Jingine. Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo, ni mahali pa tambiko mpaka leo. Warangi wanapanda pale kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Ukikuta mabaki ya tambiko, yapishe. Hungeingia msikitini kwa mtu ukaanza kupekua majamvi.

Nimesahau kitambulisho, langoni watanikubalia kuwa Mtanzania kwa lafudhi yangu? (Jina nimelihifadhi)

Lafudhi hata Mkenya anayo. Beba kitambulisho, na usibebe kibunda cha noti ukidhani utalipa mkononi: hifadhi za taifa wanataka kadi au namba ya malipo. Nimeona familia nzima imekaa kwenye gari nje ya lango saa mbili, baba anatafuta mtandao wa simu.

Kimondo cha Mbozi, nikipata kipande kidogo cha kumbukumbu kuna ubaya? (Msomaji, Tunduma)

Kipo kibao, upo uzio, na bado unaniuliza. Kimondo kina tani zaidi ya 10 za chuma kilichochanganyika na nikeli. Mwaka 1930 mwanajiolojia mmoja wa serikali alitaka sampuli, akakata kwa msumeno saa nyingi ili apate kijipande, na kovu lake lipo mpaka leo. Wewe umejiandaa na nini, jiwe? Pitisha kiganja ukisikie kilivyo baridi, upige picha, uende zako Vwawa ukanywe chai.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina wanafunzi 60, basi moja na siku moja Iringa. Nimepanga Isimila, Kalenga na Hifadhi ya Ruaha, tukipata muda tupite na Lugalo. Ratiba imekaaje? (Mwalimu, Njombe)

Mwalimu, shikamoo yako nimeiona, lakini ratiba hii ni ya helikopta. Ruaha ifute. Kutoka Iringa mjini mpaka langoni ni zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa ni vumbi, na mtafika mchana wakati simba wamelala na wanafunzi nao wamelala. Tembo watawaona safari nyingine. Najua kwa nini umeiweka: wazazi hawatoi mchango bila kusikia neno "wanyama". Hilo ndilo linaloniudhi katika matembezi yetu yote. Nchi ina kila kitu, na kwetu utalii umebaki kuwa twiga.

Mkitoka Njombe alfajiri, Isimila iko njiani kabla ya kufika mjini, kama kilomita 20. Shukeni bondeni asubuhi kabla jua halijakaza. Zana za mawe za watu wa kale zimelala pale walipoziacha, kisha kuna zile nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mmomonyoko, ndefu kuliko jengo la shule yako. Waambie mapema wasipande juu yake.

Mchana makumbusho ya Kalenga, na hapo usiwe na haraka. Wape hadithi kabla ya kuingia ndani. Agosti 1891 pale Lugalo Wahehe walikiteketeza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. Mwaka 1894 Wajerumani wakaja na mizinga, ngome ya Kalenga ikaanguka, Mkwawa akapigana msituni miaka minne. Julai 1898 alijipiga risasi kuliko kukamatwa, na kichwa chake kikakatwa. Halafu wasomee hili, kwa maana wengi hudhani ni hadithi ya vijiweni: Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza Vita Kuu, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Mataifa makubwa yamekaa Ufaransa yanagawana dunia, na katikati ya karatasi zao yumo mtu wa Kalenga. Fuvu lilirudi mwaka 1954. Wanafunzi wako watasimama mbele yake wakiwa kimya, nakuhakikishia.

Usiwape kazi ya kunakili maandishi ya ukutani. Nimewaona wanafunzi wakiandika tangu mlangoni mpaka mlango wa kutokea bila kuinua macho, eti mwalimu atasahihisha daftari. Wape swali moja la kumwuliza mwongozaji kila mmoja, na yasifanane.

Lugalo muiache. Iko upande wa pili wa mji, barabara ya kwenda Morogoro, na mtakuwa mmechoka. Na hizo hesabu za watu 60 kwenye basi moja, mwalimu, tafuta basi la pili.