Mnaoanza na mifuatano ya tarakimu za besi nyingine, sifuri za mbele zitawaumbua

Nyie mnaoanza nawaambia nilichojifunza kwa kuumia. Mwanzoni kabisa niliandika kaprogramu ka kutafuta namba ambazo kwenye besi 2 (namba zinaandikwa kwa 0 na 1 tu) zinasomeka sawa mbele na nyuma, nikajifanya fundi, kila namba nikaijazia sifuri mbele zitimie tarakimu 8. Majibu yakaja 0, 24, 36, 60, 66, nikashangilia kabisa. Kumbe 5 haimo, na 5 ni 101! Hata 3 haimo. Sifuri zangu ndo zilikuwa zinaamua nani aingie, maana 24 ni 11000 tu, ila ukiiandika 00011000 inapita kama halali. Mfuatano wenyewe ni 0, 1, 3, 5, 7, 9, 15, 17, 21, 27, na ukitoa 0 zote ni witiri, kwa sababu namba haianzi na sifuri kwa hiyo hapa haiwezi kuishia na sifuri.

Halafu acheni kukodolea macho desimali, yaani besi 10 ya kawaida. Mtu ana 0, 1, 3, 4, 9, 10, 12, 13, 27, anashangaa kwa nini inaruka toka 13 mpaka 27, anatafuta tofauti za tofauti, anakisia kanuni hadi usiku wa manane. We iandike kwa besi 3 tu (tarakimu ni 0, 1 na 2): 0, 1, 10, 11, 100, 101, 110, 111, 1000. Imeisha hiyo, ni namba zisizo na tarakimu 2. Na humo (hii naipenda kuliko zote) hupati namba tatu tofauti zilizoachana kwa umbali sawa, sababu ukizidisha ya kati mara mbili unabaki na tarakimu 0 na 2 peke yake, na zile za pembeni zikijumlishwa hakuna kubeba, basi lazima zifanane kila nafasi, yaani ni namba ileile.

Namba za baineri, yaani besi 2, zisizo na 1 mbili zinazogusana jaribuni wenyewe, hesabuni zilizo chini ya 2, 4, 8, 16. Mtapata 2, 3, 5, 8, mnamjua huyo, Fibonacci, mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia.

Mkienda kutafuta kwenye ensaiklopidia ya mifuatano aliyoanza Neil Sloane 1964 (iko intaneti toka 1996), ingizeni namba sita saba na mruke zile mbili za kwanza, maana wengine wanaanza na 0 wengine na 1, utaambiwa haipo kumbe ipo.