Uliza Fundi wa Sauti: Kayamba Imepoteza Makali

SWALI: Nina sampla (mashine ya kurekodi na kucheza vipande vya sauti) ya mtumba yenye mipangilio ya kurekodi ya STANDARD, LONG na LO-FI (ubora wa chini). Nilirekodi kayamba kwa LONG ili nipate muda zaidi, ikatoka butu. Nimeirudisha STANDARD, sauti ni ileile. Mashine imekufa? – Msomaji, Kayole

JIBU: Mashine ni nzima, na usikimbilie Luthuli kununua waya mpya. Mpangilio huo hufanya kazi wakati wa kurekodi tu. Mlio ambao haukuingia hapo hauletwi na kitufe baadaye. Weka STANDARD kwanza, kisha urekodi upya.

Kwa kawaida STANDARD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na LONG nusu yake, 22,050. Sampla haiwezi kushika mlio unaozidi nusu ya idadi hiyo, kwa hiyo LONG inaishia hezi (mitetemo kwa sekunde) 11,025. Sehemu ya mchakacho wa kayamba iko juu ya hapo. Besi ukiiweka LONG huenda usisikie tofauti yoyote, basi iache huko.

Jihadhari pia na programu zinazopunguza idadi ya vipimo bila kuchuja milio ya juu kwanza. Mlio wa hezi 14,000 ukipimwa mara 22,050 haupotei: unajitokeza kwenye hezi 8,050, mahali ambapo haukuwapo, na kayamba inaanza kulia kama bati.

Kama shida ni nafasi, geuza stirio (njia mbili za sauti) iwe mono (njia moja) kabla ya kugusa ubora. Dakika moja ya stirio, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16 (tarakimu za 0 na 1), mara 44,100 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 10.6, mono hula 5.3. Kayamba iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja haipotezi chochote kwa kuwa mono.

Halafu angalia kiwango cha kuingiza. Kila biti ina takriban desibeli 6. Ukirekodi kwa woga, vilele (sehemu zenye sauti kubwa zaidi) vikiishia desibeli -30, umetupa biti 5 kati ya 16 na unabaki na 11. Lenga vilele vya -6. Vikigonga sifuri vinakatwa vichwa, na hilo halina dawa.

LO-FI tumia ukiitaka kwa makusudi. Sampla ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilikuwa na biti 12 na vipimo 26,040 tu kwa sekunde, na hadi leo watu wanautafuta ukwaruzo wake kwenye ngoma za hip hop. Kwa kayamba, hapana.

SWALI: Nikihamisha biti (mdundo niliotengeneza) kutoka kompyuta kwenda sampla, inashuka sauti na kupunguza mwendo. Kwa nini? – Msomaji, Umoja

JIBU: Huenda faili lako ni la vipimo 48,000 kwa sekunde na sampla inalicheza kwa 44,100 bila kulibadilisha. Sauti hushuka karibu nusutoni moja na nusu, na mwendo wa midundo 100 kwa dakika huwa kama 92. Kwenye programu yako, chagua 44,100 unapotoa faili, ili ihesabu vipimo upya. Ukibadilisha namba kwenye maelezo ya faili peke yake, kosa linabaki palepale.