Kabla ya kupanga tarehe ya harusi, tandazeni karatasi zenu mezani

Zilikuwa zimebaki siku 35 kufikia tarehe tuliyokwisha kuwatangazia ndugu na jamaa. Nilikaa mbele ya karani wa ofisi ya usajili wa ndoa, nikimtazama anavyopitisha ncha ya kalamu chini ya jina langu, herufi baada ya herufi. Alianza na cheti cha kuzaliwa, akaja kwenye pasipoti, akarudi tena kwenye cheti. Kisha akanigeuzia vyote viwili.

"Dada, huyu ni Aisha, na huyu ni Asha. Nani anayeolewa?"

Hakuwa akinitania. Nyumbani nimeitwa Asha tangu nipate akili, shuleni nikaandikishwa hivyo, na pasipoti ikafuata vyeti vya shule. Cheti cha kuzaliwa kilikaa miaka yote ndani ya bahasha ya mama na ile "i" yake, hakuna aliyeisoma kwa makini. Kwa familia yangu ni mtu mmoja. Kwa rejista ya ndoa, itakayokuja kuulizwa siku ya mirathi, ya pensheni au ya kumwandikisha mtoto, walikuwa watu wawili mpaka nithibitishe vinginevyo.

Nimeandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mtu wa karibu ananiambia wameshalipia ukumbi, halafu ananiuliza, "Hivi, kule kwa msajili tunatakiwa kwenda na nini?" Naomba sana swali hilo lije kwanza.

Masharti yenyewe ya sheria ni machache kuliko watu wanavyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1962 kuhusu ndoa umeyataja yaliyo ya msingi: wote wawili waridhie kwa hiari yao, waseme hivyo wenyewe mbele ya mwenye mamlaka na mashahidi baada ya nia yao kutangazwa, kila nchi iweke umri wa chini wa kuoa na kuolewa, na ndoa iandikwe kwenye rejista rasmi. Ongeza mawili ambayo utayakuta karibu kila mahali: wanaooana wasiwe maharimu, na asiwepo mwenye ndoa nyingine inayomzuia kufunga hii. Makaratasi yote wanayokudai ni ushahidi wa mojawapo ya hayo. Nilipolielewa hilo, hasira zilinipungua, maana kila karatasi niliyoombwa nilijua inajibu swali gani. Cheti cha kuzaliwa kinajibu la umri na la wazazi ni nani. Kitambulisho kinajibu kama aliyekaa pale ndiye aliyeandikwa. Hati ya talaka inajibu kama mtu yuko huru.

Basi, jambo la kwanza kufanya leo, hata kama harusi ni ya mwakani: kila mmoja alete kila karatasi yenye jina lake, mzitandaze mezani na mzisome kwa sauti. Jina la kwanza, la kati, la ukoo, mpangilio wake, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Someaneni, wewe usome zake naye asome zako, kwa sababu jicho huruka kosa lililolizoea. Mkiona tofauti, nendeni ofisini mkaulize kabla hamjalipa chochote, kwa sababu dawa hutegemea ofisi. Kwingine hati ya kiapo kutoka kwa wakili, inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, inatosha. Kwingine watataka cheti chenyewe kirekebishwe, na hiyo ni safari ndefu zaidi. Kwangu kiapo kilitosha, nikakipata ndani ya siku mbili.

Kilichotuchelewesha hasa ni karatasi ya mchumba wangu.

Alikuwa ameshaoa kabla, na ndoa ile ilivunjika miaka sita kabla hatujafahamiana. Alikuwa na nakala ya hukumu ya mahakama, amekunja mara nne, na kwa moyo safi aliamini mambo yameisha. Karani alipoisoma alimwuliza amri ya mwisho ya talaka iko wapi. Katika mifumo mingi, hukumu na amri ya mwisho ni hatua mbili. Uingereza na Wales, kwa mfano, mahakama hutoa kwanza amri ya masharti, na kwa kawaida lazima zipite wiki 6 na siku 1 ndipo mtu aombe amri ya mwisho. Asipoiomba, bado ana mke au mume, hata wakiwa wameishi mbalimbali miaka kumi. Ya mchumba wangu ilikuwa imetoka, nashukuru, ila hakuwahi kwenda kuichukua, na jalada lilikuwa limeshahamishiwa masjala ya zamani. Kulitafuta, kupata nakala yenye muhuri na kuirudisha kwa msajili kulichukua siku 19.

Fanya hesabu mwenyewe: 35 ukitoa 19 zinabaki 16. Sisi tulitakiwa tangazo la nia ya kufunga ndoa likae siku 21. Tukapiga simu moja baada ya nyingine kuwaambia watu tunaahirisha kwa wiki mbili, na simu ya mama mkwe ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Kwa hiyo, kama mmoja wenu alishawahi kufunga ndoa, ongeeni habari hiyo mapema na bila aibu. Mtu anaweza kuficha karatasi kwa kuona haya tu, si kwa ubaya, na mwenzake akaja kusikia mbele ya karani. Mjane au mgane aandae cheti cha kifo cha mwenzi wake na cheti cha ndoa ile. Aliyeachana kwa taratibu za dini aulize kama talaka hiyo imesajiliwa pia serikalini, maana zipo nchi ambazo bila hivyo bado anahesabika yuko ndani ya ndoa. Na kama mwenzi wa zamani alipotea na hajulikani alipo, muone wakili. Ukimya wa miaka hauvunji ndoa wenyewe, mpaka mahakama iseme neno.

Kuhusu hilo tangazo, watu hulichukulia kama muhuri wa kupitia tu. Kazi yake ni kumpa nafasi mwenye pingamizi la haki ajitokeze: mke aliyeachwa bila talaka, mzazi wa binti aliyedanganya umri, ndugu anayejua undugu ambao nyinyi hamuujui. Muda wake hutofautiana sana. Tanzania na Kenya ni siku 21. Uingereza na Wales ni siku 28. Ufaransa tangazo hubandikwa siku 10, na Ireland lazima taarifa itolewe angalau miezi mitatu kabla. Jimbo la Texas, Marekani, kwa kawaida husubirisha saa 72 tu baada ya kibali cha kufunga ndoa kutolewa. Usichukue muda wa rafiki yako aliyeolewa nchi nyingine ukaufanya wako. Na siku huanza kuhesabiwa pale maombi yenu yanapopokelewa yakiwa kamili, siyo siku mliyokwenda kuulizia.

Kuwahi mno nako kuna shida yake. Kibali cha California hufa baada ya siku 90, na vyeti vingi vya kuthibitisha kwamba mtu hana ndoa hukubaliwa miezi michache tu tangu kutolewa. Ninachowashauri watu ni kukusanya visivyochakaa, kama vyeti vya kuzaliwa na vya talaka, mwaka mzima kabla, na kuomba vyenye ukomo mkiwa mmeshajua tarehe za ofisi.

Mmoja wenu akiwa raia wa nchi nyingine, zidisheni muda. Ataombwa cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwao au kwenye ubalozi wao, tafsiri ya mtafsiri anayetambuliwa, na mara nyingi apostili, ule uthibitisho uliowekwa na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 ili hati ya nchi moja ikubalike nchi nyingine. Nchi isiyo mwanachama wa mkataba huo hupitisha hati zake wizarani na ubalozini. Mwambieni mtafsiri aandike majina kama yalivyo kwenye pasipoti, asiyanyooshe.

Wanaofungia ndoa msikitini, kanisani au hekaluni wamuulize mfungishaji maswali mawili: je, ana leseni ya serikali ya kufungisha ndoa, na nani atapeleka fomu kwa msajili? Nawajua watu walioishi miaka minane wakiamini kiongozi wao alishapeleka.

Kuna jambo moja ambalo nalishika moyoni zaidi ya mengine. Kabla ya kupokea maombi yetu, yule karani alimwomba mchumba wangu atoke nje kidogo, akaniuliza kama nimekuja kwa hiari yangu, na kama kuna aliyenitisha. Nilitaka kukasirika. Halafu nikamkumbuka binti niliyesoma naye, aliyeondolewa darasani akaozwa kabla hajamaliza shule, nikajua swali lile halikuwa langu peke yangu. Kenya iliweka miaka 18 bila kubagua mwanamume na mwanamke katika sheria yake ya ndoa ya mwaka 2014. Uingereza na Wales waliufunga mlango wa ndoa za miaka 16 na 17 Februari 2023 tu. Kama unasoma haya na kuna anayekulazimisha, dakika ile ukiwa peke yako na karani ni yako. Sema. Ridhaa yako ndiyo sheria inayoitafuta pale, na ndoa iliyofungwa bila hiyo inaweza kubatilishwa hata baada ya sherehe.

Siku yenyewe haikuwa na mengi. Mashahidi wawili, watu wazima, wote na vitambulisho mkononi (tuliwakumbusha usiku na asubuhi). Lakini cheti kilipowekwa mbele yetu tusaini, niliweka kalamu chini nikakisoma chote kwanza. Kusahihisha kabla ya saini ni kazi ya dakika tano, baada yake ni barua, maombi na miezi. Tarehe ya kuzaliwa ya mume wangu ilikuwa imekosewa mwaka. Wakachapa upya tukiwa tumesimama palepale, wageni wakisubiri nje.

Tulichukua pia nakala tatu zilizothibitishwa siku hiyohiyo. Moja ilikwenda kwenye bima, ya pili tuliipeleka tulipomwandikisha mtoto. Ya tatu iko kwenye bahasha, pamoja na kile kiapo cha Aisha na Asha.