Anza na hatua ya mwisho: yaliyonisaidia kitengoni

Mwalimu uliyeuliza jana, nimekuelewa: umepelekwa kitengo cha mahitaji maalumu bila kutarajia, una watoto 14 wa miaka 7 hadi 19, wengine usonji, wengine ulemavu wa akili, mmoja mtindio wa ubongo, na unataka shughuli zitakazowashika "angalau nusu saa". Pole, na hongera. Mimi niko mwaka wa 11 katika kitengo kama hicho huku Eastlands, Nairobi, na jibu langu la kwanza huenda likakuudhi. Achana na shughuli ya nusu saa. Tafuta ya dakika saba, kisha nyingine ya dakika saba.

Nilijifunza kukata kazi vipande vidogo hivyo kwa zipu. Nilikuwa na kijana, nitamwita Baraka, ana usonji, miaka 12. Kila asubuhi ya baridi nilimwambia, "Baraka, funga zipu." Naye kila asubuhi alijing'ata mkono. Nikamwandika mkaidi kwenye daftari langu, na hadi leo naona aibu nikilifungua. Kumbe "funga zipu" kwangu ni maneno mawili, kwake ni kazi tano: shika upande huu, shika ule, chomeka, bana chini, vuta. Alikuwa anakwama kwenye kuchomeka, kila siku, mbele ya watu.

Nilipokwenda kozi fupi KISE, taasisi ya elimu maalumu pale Kasarani, mkufunzi alitufundisha kuanzia mwisho. Wewe fanya zote, mwachie mtoto ile ya mwisho tu. Nikamfungia Baraka hadi kifuani, yeye akavuta mpaka kidevuni. Vuuup! Amemaliza, kazi ni yake. Akizoea, unamwachia mbili za mwisho, kisha tatu. Tulianza Januari, na kabla ya shule kufungwa Aprili alikuwa anafunga yote mwenyewe. Ukianzia mwanzo, mtoto huchoka kabla hajaonja kumaliza. Ukianzia mwisho, kila jaribio linaishia kwenye ushindi. Kunawa mikono, kupiga mswaki, kukunja blanketi, kusukuma chapati: zote nazifundisha hivyo. (Chapati ina faida nyingine. Kukanda unga kunaimarisha vidole vya kushika penseli kuliko vitabu vya kufuatisha nukta, na hakuna anayehitaji kubembelezwa.)

Halafu pesa, somo ninalolipenda kuliko yote. Sarafu za zamani zilikuwa na nyuso za marais, na kwa mtoto anayetambua vitu kwa picha, mzee mmoja na mwingine ni walewale. Hizi zilizotoka Desemba 2018 zimetusaidia sana: shilingi moja ni twiga, tano kifaru, kumi simba, ishirini ndovu. Watoto wangu hawasemi "shilingi kumi" mwanzoni, wanasema "simba", na siwasahihishi haraka. Tunaweka duka darasani kwa vifungashio vitupu: sabuni ni ndovu, kiberiti ni kifaru. Wiki mbili, tatu, kisha tunatoka kwenda kwenye kibanda halisi nje ya lango.

Hapo ndipo nilipigwa chenga. Binti wa kwanza alifika, akanyoosha simba wake kwa mkono unaotetemeka, na mama wa kibanda akampa mandazi na kumrudishia sarafu. "Wacha tu mwalimu, ni mtoto wa Mungu." Somo la wiki tatu likazikwa kwa huruma. Jioni nilirudi nikamwomba: mama, ukiletewa kifaru kwa mandazi ya simba, mkatalie. Alinitazama kana kwamba mimi ni mchawi. Lakini alikubali, na siku alipokataa mara ya kwanza, yule binti alirudi kwenye mfuko wake, akatafuta, akaleta simba. Mama wa kibanda ndiye aliyelia, si mimi. Kwa hiyo zungumza na watu wa nje mapema.

Ratiba ya picha lazima uwe nayo, ila usirudie kosa langu. Nilichapa picha nzuri za kwenye intaneti: basi la njano, choo cha kuvuta maji chenye kigae cheupe. Watoto walizitazama kama mapambo. Choo chetu kina mlango wa bluu uliopinda. Nikakipiga picha kwa simu, nikaichapa kwenye saiba, nikafunika kwa selotepu pana, nikagandisha kwa velkro ninayonunua kwa mita madukani mjini. Siku hiyohiyo wawili walikwenda chooni bila kuambiwa. Shughuli ikiisha, mtoto mwenyewe anabandua picha na kuitupa kwenye boksi la "imekwisha". Kwa mwenye usonji, kujua kitakachofuata kunapunguza vurugu kuliko karipio lolote.

Lugha nayo ina mtego wake hapa Nairobi. Mtoto huambiwa "kaa chini" na nyanya, "keti" na anti wa darasani (msaidizi wa mwalimu), "sit down" nawe, na kwa kaka yake ni Sheng tupu. Kwa anayepata tabu na lugha hayo ni maagizo manne tofauti. Kaeni na mzazi na anti mkubaliane neno moja. Ukishalisema, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia, maana ukirudia mapema unamkatiza akiwa bado anachakata.

Wale wasiotulia, wape kazi nzito kabla ya somo: kubeba dumu la maji la lita tano lililojaa nusu, kusukuma madawati, kufuta ubao wote. Si adhabu, na waone si adhabu. Misuli ikifanya kazi, wengi wao hutulia.

Kuhusu mtaala, usihangaike kuwapanga kwa gredi. Wanaofuata mtaala wa hatua, unaopanda kwa uwezo wa mtoto na si kwa gredi, huanza hatua ya msingi, kisha ya kati, kisha maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe, na kijana wa miaka 19 hana aibu kuwa pale alipo. Kwenye mpango wa kila mtoto andika lengo linaloonekana kwa macho. "Ataboresha usafi" halipimiki. "Atanawa mikono bila kukumbushwa mara 4 kati ya 5" linapimika, na afisa wa elimu akija hana la kukuuliza.

Umesema pia kuna mmoja anayejificha chini ya dawati kengele ikilia. Huyo hahitaji shughuli. Kwa sasa mtoe nje dakika moja kabla ya kengele, mwonyeshe saa, na umwombe mwalimu mkuu kama kitengo chenu kinaweza kuitwa kwa ishara ya mkono badala ya ile kengele ya chuma.