Mkae Yuba City au Live Oak?

Dada, umeuliza mkapange wapi ndani ya Sutter County, California, mumeo akianza kazi ya mashamba, maana mama mkwe wako Mpanjabi, mwenye asili ya Punjab kule India, anataka kuwa karibu na gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga. Mimi ningeanza na Yuba City.

Kaunti ile ni mashamba matupu: mpunga, mafyulisi, jozi. Miji yenye halmashauri yake ni miwili tu. Yuba City ina watu karibu 70,000, Live Oak karibu 9,000, kilomita kama 16 kaskazini kwa barabara ya 99. Wapanjabi wamo kote kuwili, kwa sababu walifuata ardhi, si ofisi. Wa kwanza walifika mwanzoni mwa karne ya 20 kama vibarua. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1917 ikawafungia mlango, ukafunguka kidogo 1946, kisha wazi zaidi 1965. Ndipo familia zikaja.

Gurdwara ya barabara ya Tierra Buena iko upande wa Yuba City, na maandamano makubwa ya kidini ya Nagar Kirtan hufanyika hapo kila Novemba. Kwa mtu mzima asiyeendesha gari, ukaribu huo ni jambo kubwa sana. Usimnyime.

Ukitaka kujua Wapanjabi ni wengi kiasi gani, ukisoma takwimu za sensa, angalia safu ya “Asian Indian”, yaani watu wenye asili ya India. Ile ya “American Indian” ni wenyeji wa asili wa Marekani, na wengi huzichanganya.

Live Oak mtaizoea baadaye, mkishajua shamba liko upande gani.