Jibu: Wakala au uende hotelini mwenyewe?

Dada, umeuliza upeleke maombi kwa wakala wa ajira au moja kwa moja ofisi ya utumishi ya hoteli. Kwa kazi za vyumba na mapokezi, nenda mwenyewe. Mwezi wa Mei, masika yakianza kukatika, hoteli za Nungwi na Paje, huku Zanzibar, hujiandaa na msimu wa watalii, na meneja utumishi huona afadhali amchukue aliyesimama getini na vyeti vyake kuliko kumlipa wakala kamisheni. Mie nilipata hivyo hivyo, bahasha imelowa jasho. Wakala nguvu yake iko kwenye nafasi ngumu, kama mpishi mkuu: watu hao tayari wana kazi, hufuatwa walipo. Ila wakala akikudai wewe pesa ya fomu, mkimbie. Anayemlipa ni mwajiri.